Roboti ya chati kwenye layivu yetu ya bao: nilichozima na nilichobakisha

Assalamu alaykum. Watu watatu wanne wameniuliza inbox vipi nimeipanga ile roboti inayojibu kwenye chati ya layivu yetu ya bao, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike hapa mara moja, maana mambo mengi niliyokutana nayo sikuyakuta yameandikwa kwa Kiswahili, na kubwa kuliko yote nimelijua baada ya kumkosea mtu mzima ambaye wallahi sikutaka kumkosea.

Kwa asiyetujua, sisi ni baraza la bao hapa Madungu, Chake Chake. Ijumaa baada ya Isha simu moja inafungwa kwenye stendi juu ya bao, kompyuta inarusha YouTube, na kahawa ipo pembeni. Watazamaji wengi hawapo Pemba, wapo Maskati, Dubai, London, wengine Unguja na Dar, watu waliokulia kwenye mabaraza kama haya na wanalijua bao kuliko mimi. Bao ni la ami, wachezaji ni wazee wenzake na vijana wachache, mimi kazi yangu ni mitambo na chati.

Zamani nilikuwa najibu mwenyewe kila kitu. Nani anacheza, fungu la ngapi, kete ngapi, mnaanza saa ngapi, na swali hilohilo linarudi baada ya dakika mbili kwa sababu aliyeingia sasa hivi hakuona jibu la juu. Halafu zikaanza linki za kupata pesa haraka na matusi ya watu wasiojulikana, pale mbele za wazee. Nikasema hapa lazima nipate msaada.

Nikachukua Nightbot. Ni ya bure, haishushwi kwenye kompyuta, yenyewe inaishi huko mtandaoni, unaingia kwa akaunti ya chaneli yako, unaiambia ijiunge, basi. Ila kwa YouTube lazima uende ukaipe umodereta, yaani ruhusa ya kusimamia chati, wewe mwenyewe, usipoipa haiwezi kufuta kitu. Sisi tunaiita roboti, kirefu hivyohivyo, kwa sababu ukisema boti huku kwetu mtu anafikiria ya kuvukia kwenda Unguja.

Sasa moduli. Ukifungua dashibodi unakuta vichujio vya spamu, yaani ujumbe wa usumbufu, kila kimoja na swichi yake: maneno yaliyokatazwa, herufi kubwa zikizidi, vikatuni (emoji) vikizidi, linki, alama alama, na maneno ya kurudiarudia. Nikaviwasha vyote usiku mmoja, nikaona sasa chati iko salama. Ijumaa ya kwanza tu nikaona kasoro. Kuna mzee wetu mmoja yupo Maskati, yeye anaandika herufi kubwa tupu kwa sababu ya macho, anaona vizuri hivyo. Salamu yake ikafutwa. Akaandika tena, ikafutwa tena. Kichujio hakijui kuwa yule hapigi kelele, ndo mwandiko wake. Na mchezaji akila kete nyingi kwa mpigo, kete zinazunguka bao zima, watu wote wanamimina mashaAllah mashaAllah mashaAllah, na kichujio cha kurudiarudia kinawafuta mmoja baada ya mwingine. Yaani ile raha yenyewe ya layivu ndo inafutwa. Nikazima herufi kubwa, nikazima kurudiarudia, nikazima vikatuni na alama, na mpaka leo sijaviwasha na sijaona hasara yoyote.

Nikabakisha viwili tu, linki na maneno. Linki haina mjadala, acha imewaka. Mtu wetu akiwa na linki ya maana modereta anaandika !permit na jina lake, anapata muda mfupi wa kuiweka. Na wale wazee wa siku zote nimewaingiza kwenye orodha ya wazoefu, halafu kwenye kila kichujio kuna sehemu ya kuchagua nani asiguswe, nikachagua wazoefu. Hilo fanyeni kabla ya kuwasha chochote, msisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Kichujio cha maneno ndo nataka nikae nacho, kwa sababu hapo Kiswahili kina mambo yake. Orodha inakuja tupu, unaijaza mwenyewe, na maelezo yanakwambia ukiweka nyota mbele na nyuma ya neno roboti italikamata hata likiwa katikati ya neno jingine. Nikaona hii inatufaa sana, maana tusi letu halikai na sura moja, linavaa m, linavaa wa, linavaa u na ki, mshenzi washenzi ushenzi kishenzi, ukiweka *shenzi* umemaliza zote kwa mstari mmoja. Na kweli kwa hilo inafanya kazi vizuri. Basi nikaenda na mtindo huohuo kwa maneno yote, na moja katika hayo lilikuwa mbwa, kwa sababu kuna mtu alikuwa anamwita mchezaji wetu hivyo kila wiki. Nikaandika *mbwa*.

Wiki mbili hivi mbele, tupo katikati ya mchezo, bwana mmoja wa London, mtu mpole, haandiki sana, akaandika kuwa tumeombwa tumuombee dua mgonjwa, ndugu yake kalazwa. Ujumbe ukafutwa. Tumeombwa. Angalia hilo neno taratibu utaona. Akaandika mara ya pili kwa maneno yaleyale, ukafutwa, na roboti ikampa onyo mbele za watu kuwa ametumia lugha mbaya. Mimi nilikuwa nahangaika na taa sikuona. Nimeona baadae usiku wakati napitia kumbukumbu za roboti, na nilipoona ni nini kimefutwa nilikaa kimya muda mrefu. Mtu ana mgonjwa, anaomba dua kwa watu wa kwao, anaambiwa ana lugha mbaya. Nilimtafuta usikuusiku nikamuomba radhi, akasema hana neno, lakini mimi nilikuwa nalo.

Na si hilo tu. Kuombwa, kupambwa, kuumbwa, kusombwa, kufumbwa, vitenzi vyetu vinavyoishia na mba, vikigeuzwa vya kutendwa, vyote vinapita hapo. Bibi harusi aliyepambwa naye angefutwa. Kwa hiyo sheria yangu sasa ni hii: kabla ya kuweka nyota nalitamka neno kwa sauti, nalifanyia viambishi vyote ninavyovijua, na namuuliza ami maana yeye ana maneno ya Kipemba ambayo mimi sina. Likiwa na jirani mwema hata mmoja, siweki nyota, naandika kila sura kwa mstari wake. Mbwa peke yake bila nyota, jibwa, majibwa. Inachosha, orodha inakuwa ndefu, lakini inakamata kilichokusudiwa.

Amri sasa, yaani neno lenye ! mbele ambalo mtu akiliandika kwenye chati roboti inajibu. Hizi ndo zenye faida ya haraka na huhitaji hata kufungua dashibodi, modereta yeyote anaandika palepale kwenye chati hata akiwa na simu:

!addcom !kete Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 10 chini na 22 mkononi.

Ukikosea ni !editcom, ukiichoka ni !delcom. Ukitaka isirudiwe mfululizo unaongeza -cd=30 humohumo unapoiandika, hapo ikishajibu inatulia sekunde 30, na ukitaka iitwe na modereta peke yake unaongeza -ul=moderator. Hayo manne matano ukiyajua umefika mbali.

Kitu cha kuangalia ni urefu. Ujumbe wa chati ya YouTube mwisho wake herufi 200, na maneno yetu marefu. Nilitaka kueleza namua na mtaji kwenye amri moja haikuingia. Nikazigawa, !namua inasema bado una kete mkononi unaingiza moja moja, !mtaji inasema za mkononi zimekwisha sasa unacheza zilizopo chini. Na !nyumba ikawa peke yake, kwa sababu wageni wote wanauliza lile shimo la mraba lina nini. Maneno ya hizo tatu kayasema ami, mimi nimeandika tu, na kila neno alilisikiliza mara mbili kabla ya kukubali.

Majina ya amri weka ambayo watu wako wanayatamka. Roboti ilikuja na amri zake za Kiingereza, za nyimbo, za kura, za kuchagua mshindi, nimezizima karibu zote, barazani kwetu hapapigwi muziki wakati wa bao. Ya orodha nimetengeneza !amri. Mzee wa miaka sitini hawezi kukisia neno la kigeni, lakini !nani anaijua bila kufundishwa, na mimi kazi yangu ni kuibadilisha kila wakikaa wachezaji wapya.

!saa imenichukua siku nzima ila naipenda kuliko zote. Kuna kipengele cha kuonyesha saa ya sehemu yoyote duniani, nikaweka ya Dar es Salaam kwa kuwa saa yetu ni moja, ikawa inajibu 20:14 na watu wanauliza 20 ndo saa ngapi. Sisi hapa ni saa mbili na robo kasoro dakika. Nikakaa nikapiga hesabu. Sisi tupo masaa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), na saa ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya kizungu kwa masaa 6, kwa hiyo nahitaji mji ulio masaa 3 nyuma ya saa ya dunia. Huo ni São Paulo, na Brazil tangu 2019 hawabadilishi tena saa kwa majira, kwa hiyo haichezi. Nikaweka São Paulo kwa mtindo wa masaa 12, nikaandika mbele yake Pemba sasa ni saa, ikatoa 2:14. Wallahi nilipiga makofi peke yangu. Mchana na usiku inakubali, jaribuni.

Halafu !umeme. Kwa kuwa roboti haipo kwenye kompyuta yetu, umeme ukikatika yenyewe bado ipo kwenye chati. Natoa simu mfukoni naandika !umeme, inasema umeme umekatika tunahamia kwenye simu msiondoke, na watu kweli hawaondoki.

Taima, yaani ujumbe ambao roboti inautuma yenyewe kila baada ya muda, nimeweka moja tu, ya ratiba, kila dakika 30. Unaweza kushuka mpaka dakika 5 lakini roboti ikisema sana watu wanaacha kuisoma.

Baada ya ile habari ya mgonjwa, vijana waliniambia niweke !dua, mtu akiiandika roboti ijibu kwa dua nzuri ya kumuombea shifaa. Nikaiandika kabisa nikampelekea ami aisome. Akaisoma yote, akaniambia mwanangu maneno mazuri, lakini hayo tuachie sisi wenye midomo. Nikaifuta. Ipo !simama badala yake, ya modereta tu, inasema mchezo umesimama kidogo. Ijumaa iliyopita imetumika mara moja, wachezaji wakaweka kete chini, ami akalitaja jina la mgonjwa kwa sauti ili wa Maskati na London wasikie, tukanyanyua mikono, na kule kwenye chati zikashuka amina nyingi za herufi kubwa na ndogo na hakuna hata moja iliyofutwa.