Nilivyopata nyimbo za karaoke zinazokubaliana na sauti yangu

Mimi ni mtu wa besi, sauti nzito ya chini ya kiume. Hilo nililijua tangu kwaya, ambako mwalimu anachagua kii, yaani kimo cha wimbo mzima, na ukiishiwa sauti wenzako wanakufunika. Kwenye karaoke hakuna wa kukufunika: maiki ni yako peke yako, na ala zimepigwa kwa kii ya mwimbaji ambaye huenda koo lake halifanani na lako hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua wimbo wowote nilijipima. Nilitumia programu ya kinanda kwenye simu, nikawa nabonyeza noti moja moja na kuifuata kwa "aaa", nikishuka hadi sauti ikageuka mkoromo, kisha nikipanda hadi shingo ikaanza kukaza. Nilipima asubuhi, nikarudia jioni, kwa sababu ukitoka tu kuamka sauti huwa nzito na inashuka kuliko kawaida yake. Nikabaki na G2 chini na D4 juu, yaani hatua moja juu ya C ya katikati ya kinanda, C4 (herufi ni jina la noti; namba ikiwa kubwa, noti iko juu zaidi). E4 naifikia, ila kwa kupita tu.

Asiyetaka kuhangaika na herufi anaweza kutumia wimbo wa siku ya kuzaliwa. Kutoka noti yake ya chini hadi ile ya juu kwenye mstari wa tatu, pale panaporukwa ghafla, ni oktava moja kamili, yaani kutoka noti moja hadi ile inayofuata yenye jina hilohilo. Uimbe ukianzia chini, kisha uanzie juu kidogo, na tena juu kidogo. Koo litakwambia lenyewe pa kuishia.

Watu wengi wakichagua wimbo huogopa ile noti moja ya juu kabisa. Mimi naangalia wimbo unakaa wapi muda mwingi. Wimbo unaogusa E4 mara moja, nikiwa na pumzi ya kutosha, sina shida nao. Lakini wimbo ambao kiitikio chake kizima kinazunguka C4 na D4 unanimaliza kabla sijafika ubeti wa pili, ingawa kwa hesabu uko ndani ya mipaka yangu.

Halafu kuna kitufe cha kii, ambacho nashangaa watu wanavyokiacha kikae bure. Kila ukibonyeza, muziki unapanda au kushuka nusu toni, yaani kibao kimoja cha kinanda, na kasi inabaki ileile. Chukua wimbo wa mwanamume unaoanzia C3 na kupanda hadi G4. Kwangu G4 ni ndoto. Nikishusha tano, juu inakuwa D4 na chini inakuwa G2, natosha kabisa. Ila angalia beti: kama zilikuwa zinashuka hadi B bapa (nusu toni chini ya B) iliyo chini ya hiyo C3, baada ya kushusha zinaangukia F2, nami nabaki nanong'ona huku ala zikinimeza. Ukishusha kii unaokoa kiitikio na huenda ukazamisha ubeti. Wimbo wa namna hiyo nauachia wenye sauti ya tena, ile ya juu ya kiume.

Nyimbo za wanawake ndizo zilizonifaa kuliko nilivyotarajia. Mwanamume akiimba wimbo wa mwanamke, mara nyingi hushuka oktava nzima bila hata kufikiria, na mashine haihitaji kuguswa. Wimbo wa A3 hadi C5 kwangu unakuwa A2 hadi C4. Beti zinasikika nzito mno? Napandisha mbili, naishia D4. Ndiyo, mimi mwenye besi napandisha kii, na wanaonizunguka hudhani nimekosea kitufe.

Sipendi kupima wimbo kwa kuimba sambamba na mwimbaji wake. Sauti yake inakubeba, unajiona unaweza. Natafuta ala tupu, nasimama, naimba kwa nguvu ileile nitakayotumia na maiki, na simu inarekodi. Naanzia kiitikio cha mwisho, maana kuna nyimbo zinazopandisha kii pale pale mwishoni, na heri ulijue hilo ukiwa nyumbani. Nikisikiliza rekodi, kinachoniambia ukweli ni miisho ya mistari: sauti ikitetereka au ikishuka toni hapo, wimbo uko juu kwangu.

Zilizopita mtihani naziandika kwenye simu, jina na namba ya kushusha au kupandisha kii pembeni: moja ina −5, nyingine +2, nyingine 0. Zile za 0 nazithamini kupita zote, kwani mahali pengine mashine ni video tu kwenye skrini na kitufe hakipo. Wimbo wa kwanza wa jioni huwa ni mmoja wa hizo, wa chini na wa polepole, koo lipate moto. Ule wenye E4 nauweka wa pili au wa tatu; ikishakuwa usiku, baada ya kupiga kelele kushangilia wenzangu, hiyo noti haipo tena.