Taekwondo ilitoka wapi, na mwili unafaidika nini

Ukiingia ukumbi wowote wa taekwondo, mapema au baadaye utaambiwa kwamba mchezo huu una miaka elfu mbili. Utaonyeshwa picha ya watu wawili waliokabiliana, iliyochorwa ukutani mwa kaburi la enzi za ufalme wa Goguryeo, na utasimuliwa habari za hwarang, vijana wa kikabaila wa ufalme wa Silla. Picha ipo kweli, na hwarang walikuwepo kweli. Ila kutoka hapo hadi teke unalofundishwa leo, uzi hauonekani. Taekwondo hii tunayoijua ina umri wa babu zetu tu, na historia yake ya kweli inavutia kuliko hiyo ya kubuni, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini mchezo unaujenga mwili kwa namna unavyoujenga, na wapi unauacha na pengo.

Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Katika miaka hiyo, vijana wa Kikorea waliokwenda kusoma Japani walirudi na karate. Lee Won-kuk, aliyefungua shule ya Chung Do Kwan mjini Seoul mwaka 1944, alikuwa amefundishwa na Gichin Funakoshi, mzee wa karate ya Shotokan. Ro Byung-jik wa Song Moo Kwan alipitia mikononi mwa mzee huyohuyo. Yoon Byung-in yeye alianza na mapigano ya Kichina huko Manchuria. Wajapani walipoondoka, shule za namna hii, zinazoitwa kwan, zikachipuka moja baada ya nyingine, kila moja na mwalimu wake, mikanda yake na hata jina lake la mchezo. Mifuatano ya miondoko waliyokuwa wakifundishia ilikuwa ya karate, haikufichwa.

Aliyezikusanya shule hizo chini ya jina moja, au tuseme aliyesukuma zaidi kuliko wengine, alikuwa mwanajeshi: Jenerali Choi Hong Hi. Naye alikuwa amejifunza karate akiwa mwanafunzi Japani. Jina taekwondo lilipitishwa kwenye kikao cha tarehe 11 Aprili 1955, na jeshi likalisambaza, maana askari hufundishwa kwa amri wala hawaulizwi wanapenda shule ipi. Mwaka 1966 Choi aliunda shirikisho la kimataifa, ITF. Kisha akakosana na serikali ya Seoul, akahamia Kanada mwaka 1972, na baadaye akaupeleka mchezo Korea Kaskazini, jambo ambalo Kusini hawakumsamehe. Huku nyuma Seoul ilijenga makao makuu ya mchezo, Kukkiwon, yaliyofunguliwa Novemba 1972, na Mei mwaka uliofuata likaanzishwa shirikisho jingine ambalo leo linaitwa World Taekwondo.

Ndiyo maana hadi leo kuna taekwondo mbili. Zitofautishe kwa macho: vazi la World Taekwondo linavaliwa kwa kupitishwa kichwani na lina shingo ya V, la ITF linafunguka mbele. Mifuatano ya World Taekwondo inaitwa poomsae, na mwanafunzi hupitia nane za Taegeuk kabla ya mkanda mweusi. ITF wana mifuatano 24 inayoitwa tul, ya kwanza ni Chon-Ji yenye miondoko 19. Kwenye pambano la ITF unavaa glavu na ngumi ya kichwani inaruhusiwa. Kwa World Taekwondo, ngumi inahesabiwa kifuani tu. Tofauti hii ya mwisho ni kubwa kuliko inavyosikika, nitairudia.

Miguu ilipataje kutawala? Wengine hutaja taekkyeon, mchezo wa jadi wa Korea wa mateke na kutegana miguu, ambao ulikaribia kufa chini ya Wajapani ukaokolewa na wachache, hasa Song Deok-gi, na ambao UNESCO iliuorodhesha kama urithi mwaka 2011. Huenda ladha yake ilibaki. Lakini kwa maoni yangu jibu zito zaidi liko kwenye kanuni za mashindano. Ukitoa pointi nyingi kwa teke la juu na chache kwa ngumi, ndani ya kizazi kimoja utapata watu wanaopiga mateke ya ajabu na ambao mikono yao ni ya kusawazisha mwili.

Tazama hesabu iliyotumika Paris 2024: ngumi ya kifuani pointi 1, teke la kifuani 2, teke la kichwani 3. Teke la kifuani linalopigwa kwa kuzunguka, mgongo ukimgeukia mpinzani kwanza, ni 4, na la kichwani la namna hiyo ni 5. Raundi ni tatu za dakika mbili, mapumziko dakika moja, na anayeshinda raundi mbili ndiye mshindi. Pointi za kuzunguka zilipandishwa kwa sababu maalumu. Mchezo uliingia Olimpiki rasmi Sydney 2000, baada ya maonyesho ya Seoul 1988 na Barcelona 1992, na malalamiko ya uamuzi hayakukoma. London 2012 ikaleta kinga za kifua zenye vihisi na soksi zenye sumaku. Wachezaji wakagundua upesi kwamba kihisi hakijali uzuri wa teke. Wakawa wanainua mguu wa mbele na kuuacha hewani, wanagusagusa kama wanaosukuma mlango, na watazamaji wakapiga miayo. Kupandisha thamani ya teke la kuzunguka kulikuwa njia ya kuwashawishi wahatarishe tena.

Na hatari hiyo ikilipa, inalipa. Rio, Agosti 2016, fainali ya kilo 80: Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast yuko nyuma 6–4 dhidi ya Mwingereza Lutalo Muhammad, imebaki sekunde moja. Anazunguka, kisigino kinapita kichwani, teke lililokuwa na pointi 4 wakati huo, matokeo 8–6. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Kenya nayo ilimpeleka Faith Ogallo Tokyo, uzani wa zaidi ya kilo 67.

Sasa tuje kwenye mwili, na njia bora ya kueleza faida ni kulichambua teke moja. Chukua dollyo chagi, teke la mzunguko wa upande, kwa sababu ndilo utakalolipiga mara nyingi kuliko mengine yote.

Simama mguu mmoja mbele, nafasi kati ya miguu kama upana wa mabega mara moja na nusu, visigino vikiwa vyepesi, mikono juu. Goti la mguu wa nyuma linapanda kwanza likielekea mbele moja kwa moja, mguu wa chini umekunjwa kisigino karibu na kalio. Hapo ndipo mguu uliosimamia unazunguka juu ya ncha ya unyayo mpaka kisigino chake kinamwelekea mpinzani. Nyonga inageuka, goti linalala, mguu unafunguka kutoka gotini kama kiwiko kinavyofunguka, na unapiga kwa sehemu ya juu ya mguu, vidole vikiwa vimenyooshwa. Halafu unakunja tena kabla ya kushuka.

Wanaoanza hukosea karibu mahali palepale. La kwanza na la hatari zaidi ni kuacha mguu wa kusimamia umeganda. Nyonga inageuka, unyayo umeng'ang'ania sakafu, basi kinachosokotwa ni goti. Sakafu ya saruji yenye ukwaruzo na viatu vya raba vinaongeza balaa, kwa hiyo fanya peku kwenye mkeka, au kama huna mkeka, zungusha mguu kabla goti halijafunguka. La pili ni kurusha goti kutoka pembeni badala ya kulipandisha mbele. Mpinzani anakuona tangu mapema, na mguu wako unakutana na kiwiko chake. Mifupa ya juu ya mguu ni myembamba, kiwiko ni kigumu, na uvimbe wake unaweza kukuweka nje wiki kadhaa. La tatu ni vidole vilivyolegea, ambavyo huvunjika kwenye gunia bila hata mpinzani kuwepo. Kwenye ap chagi, teke la mbele, ni kinyume: unapiga kwa ncha ya unyayo, vidole vimevutwa nyuma. Wanaochanganya haya mawili hujulikana kwa kuchechemea. La nne ni kuuacha mguu udondoke baada ya kupiga. Unatua umesogea mbele, mikono chini, mbele ya mtu aliyekuwa akingoja hilohilo.

Dawa ni moja na haina raha. Shika ukuta kwa mkono mmoja, pandisha goti, hesabu tatu, geuza nyonga, hesabu tatu, fungua mguu taratibu, hesabu tatu, kunja, hesabu tatu, shusha. Mara kumi kila mguu, seti tatu, kwa kimo cha kiuno tu. Kichwani hakuna haraka ya kufika.

Angalia zoezi hilo linafanya kazi gani. Mguu mmoja unabeba mwili wote huku misuli midogo ya kifundo ikirekebisha bila kukoma: huo ni usawa, ambao ndio huanza kutoroka watu wakizeeka. Misuli ya kuinua paja na ile ya pembeni ya nyonga, ambayo mtu wa kukaa ofisini karibu haitumii, inafanya kazi kwa muda mrefu. Tumbo na mgongo vinashikilia kiwiliwili kisilale. Ukija kwenye mapambano ya mazoezi, mpangilio wa dakika mbili za kasi na moja ya kupumua ni mazoezi ya moyo ya kiwango cha juu, na wengi hugundua raundi ya pili kwamba kukimbia kilomita tano hakukuwaandaa. Kwa watoto, kuratibu mkono na mguu wa upande tofauti kwenye poomsae kunawasaidia katika michezo mingine yote.

Mnyumbuko nao huja, ila usiulazimishe. Kabla ya mazoezi pasha mwili dakika kumi hadi kumi na tano: kamba dakika tatu, kisha kurusha mguu mbele na pembeni mara kumi kumi, ukianzia chini. Kunyoosha kwa kutulia, sekunde thelathini kila mkao, kuwekwe mwisho, misuli ikiwa na joto. Desturi ya kukalisha mwanafunzi msamba huku mwenzake akimkandamiza mabega ipo bado katika kumbi nyingi, na mimi naiona ni ya kuachwa. Misuli ya kinena na ya nyuma ya paja ikichanika, hupona polepole na huchanika tena.

Kile ambacho taekwondo haikupi kinatokana na zile kanuni. Mtu aliyefundishwa kwa mtindo wa Olimpiki pekee hana mazoea ya kukinga ngumi za usoni, na hajui afanye nini akishikwa shati. Umbali wake ni wa mguu. Ukitaka kujilinda mtaani, uliza kama ukumbi unafundisha hosinsul, sehemu ya kujinasua, na kwa muda gani kila wiki. Mikono nayo hubaki nyuma, ongeza pushapu na kujivuta juu. Na kichwa ni kichwa: aliyepigwa akapepesuka, akachanganyikiwa au akatapika harudi ulingoni siku hiyo hata akiapa yuko sawa, na anaonwa na daktari.

Asiyetaka kupigwa kabisa ana poomsae, ambayo ina ubingwa wake wa dunia tangu 2006 na makundi ya umri hadi ya wazee. Taegeuk Il Jang, ya kwanza, inakamilika chini ya dakika moja, lakini ukiifanya mara tano mfululizo kwa miondoko kamili utatoka jasho.

Mahali ambapo faida zake zimeonekana kwa namna isiyohitaji vihisi ni kambi ya wakimbizi ya Mahama, mashariki mwa Rwanda. Parfait Hakizimana, Mrundi aliyejeruhiwa mkono kwa risasi akiwa mtoto, alianza kufundisha taekwondo pale, watoto na watu wazima. Mwaka 2021 alishiriki Michezo ya Walemavu ya Tokyo katika timu ya wakimbizi, mara ya kwanza taekwondo kuwemo. Katika mashindano hayo, ya wenye ulemavu wa mikono, teke la kichwani haliruhusiwi, kwa sababu iliyo wazi.

Ukitafuta ukumbi, kaa pembeni utazame kipindi kizima kabla hujalipa. Hesabu mwalimu anasahihisha mguu wa kusimamia mara ngapi. Tazama kama wanaopambana wamevaa kinga ya kifua, kofia, vikinga vya ugoko, kinga ya kinena na ya meno, au ni ushujaa tu. Uliza mkanda unachukua muda gani. Kwa kanuni za Kukkiwon, kutoka dan (daraja la mkanda mweusi) ya kwanza kwenda ya pili ni mwaka mmoja angalau, ya pili kwenda ya tatu miaka miwili, ya tatu kwenda ya nne mitatu, na mtoto aliye chini ya miaka 15 hupewa poom, daraja la watoto, siyo dan. Anayekuahidi mkanda mweusi kwa miezi sita anakuuzia kitambaa. Cheti cha Kukkiwon kina namba, na mwalimu wa kweli hasiti kukuonyesha chake.