Nani anamfukuza yule mwimbaji?

Tangu Jumanne kuna kitu kimenikaa kooni, na wala si maneno. Ni "Aa" tu. "Aa" fupi, ya kushuka, aliyoitoa bibi wa vitumbua mbele ya gramafoni yetu, huku akijifunga upya khanga yake.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Wifi kajifungua salama, mtoto wa kiume, na kazini tumehamishiwa ghorofa ya tatu pasipo lifti. Lakini nikilala naisikia ile "Aa".

Wengi mnajua habari ya meza yetu ya maonyesho ya Saba Saba pale shuleni, mada "Mwaka 1954". Kadi niliziandika mwenyewe na hakuna hata moja iliyopotoka. Tarehe 24 Aprili, Waingereza wanaanza msako mkubwa wa Mau Mau Nairobi, maelfu wanakamatwa. Tarehe 29 Aprili, Malkia Elizabeth anafungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Tarehe 4 Julai, Ujerumani Magharibi inaifunga Hungaria 3–2 kule Bern na kutwaa Kombe la Dunia. Siku tatu baadaye, Dar es Salaam, chama cha TAA kinageuka TANU, waasisi 17, na rais wake ni mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere. Pembeni tukaweka karabai, pasi ya mkaa, senti kumi zenye tundu, na katikati ile gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na juu yake sahani moja (santuri) ya G.V.

Vijana hawazijui G.V., basi niseme kidogo. Ni sahani za muziki wa Kuba zilizoanza kutolewa 1933 na kampuni ya HMV, ile ya nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Zilifika hadi huku, na bendi za dansi zikajifunza rumba kutoka humo. Mwaka 1954 si nyimbo mpya tena, ila bado watu wanazicheza. Redio ya Dar imeanza 1951 tu, na nyumba nyingi hazina umeme. Gramafoni haihitaji umeme. Inahitaji mkono wenye subira na kopo la sindano.

Basi bibi akaja. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, akapewa kiti. Kadi hakuzitazama hata moja. Akasikiliza upande mzima, macho kwenye sahani, na ilipokwisha akauliza:

"Huyu mwanamume, nani anamfukuza?"

Watu wakacheka. Na mimi, kwa ujuzi wangu wote, nikamjibu: "Ndivyo zilivyokuwa sahani za zamani, bibi. Sauti zilikuwa nyembamba hivyo."

"Aa."

Yaani mimi, niliyezaliwa wakati kaseti zinaanza kuchakaa, nimemweleza yeye zamani ilivyokuwa. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, akicheza nyuma ya nyumba iliyokuwa na gramafoni barazani. Kubisha hakubisha. Angebisha ningelala.

Usiku ule ule nikakata kipande cha karatasi, nikakibana chini ya ukingo wa sahani kichomoze kama ulimi, nikaanza kuhesabu kila kinapopita mbele ya kidole. Sahani hizi zinatakiwa zizunguke mara 78 kwa dakika. Kuhesabu dakika nzima kunachosha na utakosea, kwa hiyo hesabu sekunde 20: zinatakiwa duru 26. Sindano iwe ndani ya mfereji wa sahani wakati unahesabu, maana uzito wake unaipunguza kasi kidogo, na ukipima sahani ikizunguka mtupu utajidanganya.

Nikapata 28. Nikarudia, 28. Hiyo ni 84 kwa dakika. Upande wa dakika tatu una duru 234, na kwa kasi hiyo unaisha kwa dakika mbili na sekunde 47. Sekunde 13 zimeliwa, na sauti imepanda zaidi ya nusu toni. Alikuwa anafukuzwa kweli.

Kishale cha kasi kilikuwa kimesimama palepale kwenye 78. Nilikiamini kwa sababu kimeandikwa.

Alhamisi nikaifungua. Kwa mwenye mashine kama hii, kwanza acha springi ijimalize hadi mashine isimame yenyewe. Usifungue chochote springi ikiwa imejaa, na lile pipa lake usilifungue kabisa kama huna uzoefu. Ndani mna utepe wa chuma wa mita kadhaa uliosokotwa, na ukifyatuka utakutoa vidole. Toa meza inayozunguka, kisha skrubu za pembeni za ubao, halafu inua ubao wote pamoja na mashine.

Kinachotawala kasi ni gavana. (Si Twining, huyo alikuwa gavana wa Kiingereza wa Tanganyika nzima, ingawa kazi zao zinafanana: kuzuia watu wasiende kasi wanayoitaka.) Ni mhimili mwembamba wenye vipande vitatu vya madini ya risasi vilivyofungwa kwenye vibati vyembamba vinavyonesa. Mhimili ukizunguka, risasi zinatanuka kwenda nje, na zikitanuka zinavuta kisahani kidogo kiteleze juu ya mhimili hadi kiguse kipande cha ngozi. Kinapogusa, msuguano unashika breki. Kishale cha nje kinachosogeza ni ile ngozi tu, karibu au mbali.

Sasa ngozi yenyewe, ukubwa wa punje ya choroko, ilikuwa imelika na kukauka ngumu kama ukucha. Ikilika, kisahani kinasafiri mbali zaidi kabla ya kuigusa, na mashine inapata kasi zaidi kabla haijashikwa. Hapo kishale kitasema 78 mpaka kiama na sahani itakimbia. Ngozi kavu ina ubaya mwingine: inashika na kuachia, na sauti inayumba kama mtu anayeimba juu ya baiskeli njia ya mashimo.

Nimekata kipande kutoka ulimi wa kiatu cha zamani, nikakilaza usiku kucha kwenye mafuta ya cherehani, asubuhi nikakifuta na kukibana mahali pake. Tone moja kila ncha ya mhimili, tone moja kwenye ngozi, basi. Mafuta ya kula msiyatie hata kwa dharura, yanaganda na kuwa gundi. Nikajaza springi kwa hendeli: zungusha polepole hadi mkono uhisi uzito, kisha acha, usilazimishe. Ikisikika "tu!" nzito katikati ya wimbo ujue grisi ya ndani ya pipa imeganda na mikunjo ya springi inashikana. Hiyo ni kazi ya fundi.

Hesabu ya kwanza 24. Nikasogeza kishale unywele. 25 na nusu. Unywele mwingine. 26.

Na jamani, ndani ya sahani ile ile kulikuwa na mtu mwingine. Wa Jumanne alikuwa kijana mwenye haraka na mafua. Huyu wa Ijumaa ni mwanamume wa makamo, kifua kipana, na kati ya mstari na mstari anavuta pumzi. Pumzi yenyewe inasikika! Zile njuga za mkono nilizodhani ni mikwaruzo ya uzee zikaachana moja moja. Nilicheza upande ule mara nne, sindano nne.

Ndiyo, sindano mpya kila upande, na hili halina mjadala. Sahani hizi zimetengenezwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe, na ule unga ni kusudi: duru za mwanzo unainoa ncha ya chuma ikae sawa na mfereji. Hadi wimbo unaisha ncha imeshalika na kupata kingo, na ukiirudisha upande wa pili inachonga kama patasi. Ukiona mifereji imekuwa ya kijivu badala ya nyeusi, kuna mtu aliwahi kubana matumizi. Kopo la sindano 200 ni sahani 100 tu, pande zote mbili. Na usizisafishe kwa spiriti. Seremala huiyeyusha shelaki kwa spiriti hiyo hiyo anapotaka kupaka fanicha, sasa fikiria sahani yako. Maji, tone la sabuni, kitambaa laini kufuata mfereji, karatasi ya katikati isilowe.

Jana jioni nikaibeba hadi barazani kwa bibi. Sikumwambia nimefanya nini. Alikuwa anageuza vitumbua, akaendelea kugeuza, hakuinua kichwa. Wimbo ulipofika katikati mkono wenye kijiti ukasimama, kitumbua kimoja kikaungua upande.

Ilipokwisha akauliza, "Sindano umebadilisha?"

"Nimebadilisha, bibi."

"Haya, geuza upande wa pili."

Kile kilichoungua alinipa mimi, na hela hakuchukua.

Ningelala vizuri usiku wa kuamkia leo, ila pampu ya kisima imeanza tena kukoroma, ule mkoromo wa mwaka jana kabla haijafa kabisa. Fundi simu hapokei. Na wifi anarudi keshokutwa na kichanga, nepi ndoo kwa ndoo.