Zile Pini Zinazobaki Kwenye Mkebe

Wiki hii kijana anayejifunza kazi kwetu hapa Kisumu aliniuliza: "Fundi, bolti zote si zinaingia? Hizo pini ni za nini tena?" Gia boksi ilikuwa juu ya jeki, mwenye gari ameketi kwenye benchi anaangalia saa. Nilifurahi kwamba aliuliza. Wako mafundi wenye mvi ambao hawaulizi kamwe. Wao husema tu kwamba gari litatembea, na kweli linatembea, kwa muda.

Gari lenyewe ni Probox ya injini ya 1NZ, gia otomatiki, ya mama mmoja anayebeba mboga kutoka Kakamega hadi soko la Kibuye. Injini yake ilibadilishwa kwingine, akawekewa iliyotumika kutoka Japani. Tangu siku hiyo oili ya gia ikawa inadondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, ikabadilishwa, ikavuja. Ikabadilishwa tena, ikavuja vilevile. Kila fundi alilaumu sili. Tulipoteremsha gia boksi nilipapasa uso wa bloku, yaani mwili wa injini, kwa kidole nikitafuta doweli mbili, ndizo zile pini alizouliza kijana. Matundu yake yalikuwa matupu, yameshaanza kushika kutu.

Doweli za hapo ni pete fupi za chuma. Nusu imezama ndani ya bloku, nusu imejitokeza, na bolti inapita katikati yake. Injini ya zamani ilipotolewa, bila shaka zilibaki kwenye bloku lake, na bloku likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Injini iliyokuja haikuwa nazo, na aliyeifunga hakuona haja ya kuzitafuta.

Badala ya kumjibu kijana kwa maneno, nilimwambia aingize bolti zote kwa mkono bila kuzikaza, kisha asukume gia boksi upande. Ikasogea. Akaisukuma upande wa pili, ikasogea tena, naye akaniangalia. Bolti ya milimita 12 hutobolewa tundu la 13 au zaidi ili iingie bila kusumbua. Nafasi hiyo iko kwenye kila tundu, kwa hiyo gia boksi inaweza kukaa popote ndani yake, na ukishakaza inabaki pale pale ilipokutwa. Bolti kazi yake ni kubana. Haijui katikati ni wapi.

Na hapo katikati ndipo penye kazi yote. Shingo ya konvata, kile kidude cha mviringo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi, huzunguka ndani ya bushi, pete inayoishika kwenye pampu ya gia boksi, lakini anayeizungusha ni krenki, mhimili mkuu ulio upande wa injini. Pande hizo mbili zisipokaa kwenye mstari mmoja, bushi inalika upande mmoja, mdomo wa sili unapanuliwa kila mzunguko, na ile sahani nyembamba inayoshika konvata kwenye krenki inapindwa na kunyooshwa, kupindwa na kunyooshwa. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, fikiria mama yule anapandisha mlima wa Nyang'ori akirudi Kakamega. Sahani ya namna hiyo mwishowe hupasuka. Kumuuzia sili nyingine bila kugusa doweli ni kumla pesa, nami nalisema hivyo hivyo.

Kwenye hedi, kile kichwa kinachofunika silinda juu ya bloku, ndipo ninaposisitiza doweli zaidi. Gasketi ya hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati yake na bloku, ina matundu ya maji, ya oili, na duara za silinda, na vyote hivyo vinategemea doweli ili vikae sawasawa na bloku. Ukilaza hedi ya alumini bila doweli halafu ukaanza kuisukuma-sukuma ili bolti zipate njia, umeshaikwaruza gasketi kabla injini haijawashwa. Njia ya oili ikizibwa hata sehemu yake, kemu zilizo juu, zinazofungua vali, ndizo zitakazolia, na VVT-i inayorekebisha wakati wa vali kufunguka kwa presha ya oili nayo itaanza vituko. Kepu za beringi, vifuniko vinavyoishika krenki kwenye bloku, nazo ni hivyo. Matundu yake hukerezwa kiwandani kepu zikiwa zimefungwa kwenye bloku lake, ndiyo maana huwekwa namba na mishale. Ukizigeuza au kuzibadilishana, duara si duara tena.

Je, kila kidude kidogo kina uzito huo? Hapana. Ile plastiki ya kufunika injini ikipoteza kishikio kimoja, itapiga kelele tu. Fundi anayetetemekea kila klipu humchelewesha mteja bure. Mimi hujiuliza: kipande hiki kikikosekana, je, kuna kitu kinachozunguka au kinachobeba presha kitakachohama mahali pake? Kama kipo, kazi inasimama mpaka kipande kipatikane.

Doweli tulizipata kwenye bloku bovu la aina ile ile. Tulizipima kwa vanya, kile kifaa cha kupimia upana, tukasugua kutu ndani ya matundu, zikaingia kwa kugongwa taratibu. Bushi ilikuwa imelika, ikabadilishwa pamoja na sili. Kijana ndiye aliyeingiza konvata, akiizungusha na kuisukuma hadi ikazama hatua zote na kushika pampu. Nilimsisitizia kwamba gia boksi lazima ifike kwenye bloku kwa mkono. Anayeivuta kwa bolti ili iketi huvunja pampu.

Kwenye risiti ya mama nimeziandika doweli mbili kwenye mstari wake peke yake, chini ya bushi na sili. Aliuliza ni nini, nikamwonyesha kwenye bloku bovu mahali zilipotolewa. Akaikunja risiti akaiweka kwenye gari, ili hata fundi mwingine akiifungua ajue zimo, na azirudishe.