Bajeti ya Sherehe ya Wazee Isiyo na Mzee Ndani Yake

Bajeti iliyotumwa katika kundi la familia kwa ajili ya shukrani ya mama, aliyetimiza miaka 80, ilikuwa na spika nne, mshereheshaji, mapambo ya kitambaa cha zambarau, mpiga picha za video, keki ya ghorofa tatu na fulana za wajukuu. Waalikwa walikuwa wenzake wa kwaya, wenzake wa kikoba na ndugu wa Sengerema, karibu wote wakiwa wamevuka miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inauhesabu kuwa mwanzo wa uzee. Katika orodha nzima sikuona kiti cha mtu mwenye goti bovu, sikuona usafiri wa kumfikisha mlangoni, wala neno lolote kuhusu choo. Chini ya jumla kulikuwa na maelezo mafupi kwamba dada wa Ulaya, yaani mimi, ndiye anayesubiriwa kutuma fedha.

Wenyeji wa Mwanza wanaijua Mabatini. Nyumba ya mama, ambako sherehe ilipangwa kufanyika, iko huko juu kwenye mawe, na ngazi zinazopanda kuelekea mlangoni kila moja ina kimo chake, hazina pa kushika, na mvua ikinyesha huteleza hata kwa kijana. Nilipouliza mama mkubwa mwenye mkongojo atapandaje, kaka yangu alinijibu, "Mdogo wangu, umeshakuwa Mzungu. Wazee wetu wamezoea." Neno hilo liliniudhi kuliko bajeti yenyewe, kwa sababu wazee wetu hawajazoea, wao hutuma salamu kwamba wana mafua, wakabaki nyumbani, na sisi tukaamini ni mafua.

Kazi yangu hapa Leicester, Uingereza, ni kuhudumia wazee, kwa hiyo mambo haya nayaona kila zamu. Tangu mwaka 1999 kanuni za ujenzi za hapa zinataka nyumba mpya iwe na choo katika ghorofa ya kuingilia na mlango ambao mgeni asiyeweza ngazi anaupita bila shida. Ni jambo jema, nami nalisifu. Lakini nimewahudumia watu wenye milango mipana na vyuma vya kushikia kila ukuta, ambao Jumapili nzima inapita bila mtoto wala mjukuu kugonga hodi. Kwetu mlango ni mwembamba na watu wamejaa, na kama ningelazimishwa kuchagua ningechagua kwetu. Ila sioni kwa nini tulazimishwe kuchagua wakati tofauti yenyewe ni mfuko wa saruji na fikra kidogo.

Nilikataa kutuma fedha hadi mahali pabadilike. Kaka ana nyumba Buhongwa, uwanja tambarare, na ndugu wa Sengerema wakishavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 hufika Buhongwa kabla ya kuingia mjini, ilhali zamani kungoja kivuko peke yake kulitosha kumchosha mtu wa umri huo. Barazani palikuwa na kizingiti kimoja cha sentimita 15. Mteremko salama huhitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, kwa hiyo fundi wa mtaa alimwaga zege la sentimita 180, akalikwaruza juu lisiteleze, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kitambaa cha zambarau.

Kuhusu viti tulibishana zaidi. Makochi ya sebuleni yanapendeza, lakini mzee akizama humo magoti yanapanda juu ya nyonga na hawezi kuinuka bila kuvutwa mikono mbele ya wakwe. Viti vya plastiki huteleza kwenye vigae na miguu yake hupinda mtu anapoegemea upande mmoja. Kinachofaa ni kiti kigumu chenye mikono, kimo cha sentimita 45 au zaidi kidogo, na viti vya namna hiyo vilipatikana kwa kuazima katika meza za chakula za majirani. Mikeka iliondolewa njiani, nyaya zikapitishwa nyuma ya ukuta.

Choo ndicho kilichonipa kazi, kwa sababu hakuna anayetaka kukitaja. Mzee anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, akijua choo ni cha kuchuchumaa na kiko nyuma ya nyumba gizani, hataomba msaada. Ataacha kunywa maji tangu asubuhi, kisha tutashangaa kizunguzungu kimetoka wapi. Tuliweka kiti cha choo juu ya shimo, tukafunga bomba la chuma ukutani la kushikia na taa inayowaka muda wote, na binti mmoja akapewa jukumu la kumwonyesha kila bibi mahali hapo mara tu anapofika, kabla hajaona haya kuuliza.

Mshereheshaji alipunguziwa spika hadi moja. Masikio yakizeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, ndiyo maana bibi anasikia kwamba unasema lakini hajui umesema nini, na kumpigia kelele hakumsaidii kama kumtazama usoni na kusema taratibu. Badala ya mistari ya viti kuelekea meza kuu, wazee walikaa wanne wanne au watano watano, wakitazamana. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, kwani waliopata kusafiri pamoja kwa meli kwenda Bukoba ujanani walikuwa hawajaketi uso kwa uso kwa muda mrefu.

Chakula kilitolewa saa saba kamili, hotuba zikafuata, maana mwenye kisukari aliyekwisha kumeza dawa au kuchoma sindano hawezi kungoja mchungaji na madiwani. Nilisisitiza mnofu wa sangara badala ya sato mzima, kwa hofu ya miiba kwa watu wenye meno machache, pamoja na ugali laini na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa ikalainika, yenye karanga. Wajukuu waliwahudumia walipoketi. Hakuna mzee aliyepangishwa foleni na sahani mkononi. Niliyaona hayo kupitia simu iliyoegemezwa kwenye jagi, na mama mkubwa alinisalimu "mwadila", salamu ya Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Kaka amesalia na manung'uniko yake kuhusu mapambo, na ana haki, kwa sababu picha zimetoka kavu. Saa kumi na moja bajaji zilizokodiwa kutwa ziliwarudisha wageni wa mjini kabla ya giza, bila mtu kupakiwa bodaboda, na gari la Sengerema likaondoka. Baada ya hapo vijana walifungua zile spika tatu zilizokuwa zimefungiwa stoo, nami sikuwa na pingamizi.