Ninavyochora michoro ya majarida ya mashabiki wa bunilizi za sayansi

Mchoraji wa mashabiki, yaani anayechorea majarida ambayo mashabiki huyatengeneza wenyewe, halipwi. Mchoro wake ukichapwa, hutumiwa nakala ya jarida, basi. Kwa hiyo nachora kile anachopungukiwa mhariri, na mara nyingi ni kitu cha kuziba pengo pale makala inapoishia katikati ya ukurasa. Pengo hilo halina umbo moja. Natuma michoro sita kwa mpigo: miwili mirefu myembamba, miwili mipana mifupi, miwili ya mraba. Chombo cha anga kinakaa vizuri kwenye upana, mnara wa mchawi kwenye urefu, sura ya kiumbe kwenye mraba. Siandiki maneno ndani yake, maana mchoro usio na maneno unaweza kuambatana na makala yoyote.

Nachora mara mbili ya ukubwa utakaochapwa, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mstari wa milimita 0.2 ukipunguzwa nusu unabaki 0.1, fotokopi huukatakata au kuumeza kabisa. Kalamu yangu nyembamba kuliko zote ni 0.4, na mistari ya nje naipiga kwa 0.8. Kivuli cha mistari inayopishana kina hatari zaidi. Nafasi kati ya mstari na mstari ikiwa chini ya milimita 1, mchoro ukishapunguzwa unga wa wino hujaa katikati, na kivuli ulichokihangaikia saa nzima kinageuka doa jeusi. Ndiyo maana kabla ya kutuma nachapa nakala ya asilimia 50 na kuitazama nimenyoosha mkono. Palipoziba, narudi kwenye mchoro wa mwanzo na kupafungua kwa wino mweupe.

Ukipekua majarida ya miaka ya 1950 na 1960 utakuta mistari mitupu na vitone, weusi mpana ni nadra. Sababu ni stensili, karatasi zilizopakwa nta, zile zile za mashine za kurudufisha ambazo shule zetu zilichapia mitihani. Mchoraji alikwaruza nta kwa ncha ya chuma. Akikwaruza eneo pana, stensili ilichanika, na wino mwingi uliopenya ulichafua mgongo wa karatasi iliyofuata. William Rotsler alijenga jina ndani ya mipaka hiyo, kwa mistari michache mno, akapata Tuzo ya Hugo, tuzo ya kila mwaka ya bunilizi za sayansi, katika fani ya mchoraji wa mashabiki mwaka 1975 na tena 1979, 1996 na 1997. Mpaka leo namtazama yeye ninapotaka kujua mstari upi ni wa kuacha.

Rasimu naifanya kwa penseli ya bluu hafifu, kisha wino juu yake. Kufuta si lazima: naskani kwa rangi, dipiai 600 (nukta 600 kwa kila inchi), halafu kwenye programu nabakiza chaneli ya bluu peke yake, yaani sehemu ya picha inayobeba mwanga wa bluu, ambamo bluu hafifu huonekana nyeupe kama karatasi. Penseli hutoweka, wino hubaki. Baada ya hapo nageuza picha iwe nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu. Nahifadhi kwa PNG au TIFF. JPEG huacha vumbi kando ya kila mstari, na fotokopi hulichapa vumbi hilo.

Sahihi naiweka ndani ya mchoro, karibu na mguu au mwamba, kwa sababu ikikaa pembeni hukatwa wakati wa kupanga ukurasa.

Hugo ya mchoraji wa mashabiki ilianza 1967, na Jack Gaughan aliyeshinda mwaka huo alishinda pia ile ya wachoraji wa kulipwa. Wapiga kura ni wanachama wa Worldcon, kongamano la dunia la kila mwaka la bunilizi za sayansi, nao hupima kazi zilizotoka mwaka uliotangulia, hivyo tarehe ni muhimu. Daftari langu lina safu nne: mchoro, mhariri, siku niliyotuma, toleo lililouchapa. Ruhusa natoa ya kuchapa mara moja tu. Mchoro mmoja ukitokea kwenye majarida mawili bila wahariri kujua, wote wawili hukasirika, na wana haki. Mwaka ukipita bila kuchapwa, namwandikia mhariri kwamba nauchukua, nangoja ajibu, ndipo naupeleka kwingine.