Mzee wa santuri na jina la Kilwa

Juzi usiku umeme ulikatika, binti yangu akawa anasoma historia kwa tochi ya simu. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, kumbe Wareno walikuwa wanaiandika Kilwa 'Quiloa'. Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia najua. Akaendelea kusoma. Mimi chai ikanipoea mkononi.

Mwalimu wetu pale Kilwa Kivinje alituandikia jina hilo ubaoni, tukalinakili, tukalijibia mtihani, likaisha. Kulijua hasa nililijua Jumamosi moja ya mwaka 2012, Rio de Janeiro, mbele ya mzee mmoja muuza santuri.

Nilikuwa baharia, na meli yetu ilikwama huko siku tisa tukisubiri spea ya injini. Siku ya sita nikatoka bandarini kwa miguu mpaka uwanja wa Praça XV, ambako kila Jumamosi watu hupanga vitu vyao vya kale: sahani za kaure, saa zilizosimama, picha za maharusi wasiojulikana tena ni wa nani. Siku hizo soko lilikuwa chini ya barabara ya juu, ambayo baadaye waliibomoa, na magari yakipita unahisi ngurumo kifuani.

Mzee alikuwa na makasha matatu ya santuri na mashine moja ya kuzipigia, ameifunika nusu kwa taulo kuikinga na vumbi. Nilisimama kwa sababu ya ngoma. Tumba zilikuwa zinakimbizana na gitaa la umeme, na juu yake kuna sauti ya mwanamume aliyekauka koo, anaimba kama mtu anayeita watu watoke nje. Kireno changu ni cha kuokota Nacala, bandari ya Msumbiji, cha kuombea maji na kuulizia bei. Sikuwa naelewa kitu. Nikasikia anataja Angola. Congo. Benguela. Majina mengine sikuyashika. Halafu nikasikia Kilwa.

Alitamka "Kiloa". Lakini mtu wa Kilwa hapotezi jina la kwao kwa sababu ya herufi moja. Niligeuka nyuma, kweli kabisa niligeuka, kama mtu aliyeitwa sokoni katika mji ambao hakuna anayemjua.

Nikamwomba mzee arudie. Akauinua mkono wa sindano kwa vidole viwili, akapuliza unyoya wa vumbi ulionasa pale nchani, akaushusha taratibu nyuma kidogo ya pale nilipoonyesha. Ikakwaruza. Ngoma zikarudi. Safari hii mzee aliyahesabu majina kwa kugonga kidole kwenye ukingo wa meza: Angola, Congo, Benguela, Monjolo, Cabinda, Mina. Lilipofika la saba nikamshika mkono kabla kidole hakijagusa mbao.

"Mimi natoka hapo," nikamwambia.

"Wapi?"

"Quiloa."

Akacheka kwa upole, kama tunavyomchekea mgeni aliyekosea neno. Nikatoa kitabu changu cha ubaharia mfuko wa ndani, nikafungua ukurasa wa picha, nikamwekea kidole mahali pa kuzaliwa: KILWA. Akatafuta miwani. Akasoma herufi moja moja, midomo ikitembea, akamtazama yule wa kwenye picha, akanitazama mimi. Wimbo ulikuwa umeshakwisha, sindano inazunguka kwenye ukimya ule wa mwisho wa santuri, ta, ta, ta, wala hakuinyanyua.

Akaniambia santuri hiyo anayo tangu ilipotoka, 1976. Alikuwa kijana, ana afro na viatu vya raizoni, kila wikiendi yuko kwenye madansi ya soul vitongoji vya kaskazini, maelfu ya vijana weusi wakicheza mpaka alfajiri huku utawala wa kijeshi ukiwatilia shaka na polisi wakiwapekua njiani. Miaka 36 ameliimba jina lile. Angola aliijua, Congo aliijua. Quiloa alidhani mwimbaji kalitunga ili lijazie mdundo.

"Kumbe kuna watu," akasema. "Kumbe mnalala, mnaamka."

Santuri yenyewe ni *África Brasil* ya Jorge Ben, mwanamuziki wa Brazil. Tangu siku ile nimeisikiliza mara zisizohesabika na naipenda kwa moyo wote. Nyimbo 11. Kabla yake Jorge Ben alijulikana zaidi kwa gitaa la kawaida. Hapa alishika la umeme, akachanganya samba na funk, na ngoma akazirundika. Inaanza na mshambuliaji wa Kiafrika anayeitwa Umbabarauma, na kwa mtu wa mpira kama mimi huo peke yake ungetosha. Kuna wimbo wa Zico, mchezaji wa Flamengo, na upo "Taj Mahal", ambao kiitikio chake kilikuja kusikika ndani ya wimbo wa Mwingereza Rod Stewart mwaka 1978, mzozo ukaisha kwa mapato kwenda UNICEF. Mwaka 1989 mwanamuziki David Byrne alipokusanya nyimbo za Kibrazili kwa ajili ya wasikilizaji wa nje, aliufungulia mkusanyiko wake na huo wa Umbabarauma. Watu wengi humkumbuka Jorge Ben kwa hayo.

Mimi nabaki kwenye wa mwisho. Unamhusu Zumbi wa Palmares, kiongozi wa watumwa waliotoroka na kujijengea mji wao porini, aliyeuawa tarehe 20 Novemba 1695. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa Brazil. Miaka miwili nyuma Jorge Ben alikuwa ameshaurekodi kwa upole, karibu kama bembelezo. Mwaka 1976 akaurudia kwa kuguta. Unaanza kwa kuyaita mataifa yale ya Afrika watumwa walikotolewa, halafu kuna mnada, kuna binti mfalme anauzwa na watu wake wamefungwa minyororo, na mabwana wameketi wanatazama pamba ikichumwa na mikono myeusi. Halafu wanamngoja Zumbi.

Mzee akawaita wenzake. Mama mmoja anayeuza vifungo vya nguo akaja, mwingine wa meza ya vijiko naye akaja. "Katoka Quiloa," anawaambia, na kila mmoja ananishika mikono yote miwili. Yule mama wa vifungo hakuniachia. Alikuwa na mikono ya baridi. Akasema neno moja nililolielewa bila msaada: ndugu.

Na mimi nikanyamaza.

Kwa sababu Kilwa ilikuwa na wauzaji pia. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliweka mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Kutoka mkataba ule hadi santuri ile ni miaka 200 kamili. Kivinje ya kwetu ilinenepa kwa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Nyumba ya ukoo wetu ina mlango wa nakshi, na babu wa babu yangu alikuwa "mfanyabiashara". Biashara gani, nilipokuwa mdogo nilimwuliza shangazi. "Pembe," akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye nazi.

Ningeweza kusingizia lugha. Lakini neno la Kireno la kuuza nilikuwa nalo. Ndilo la kwanza nililojifunza Nacala. Nililitumia dakika ileile, nilipomwuliza mzee santuri anaiuza kiasi gani. Akaifunga ngumi yangu juu ya noti zangu na kunirudishia mkono wangu. Nikaichukua bure.

Akanichorea njia ya kwenda Valongo, gati ya zamani ya watumwa. Nilikwenda jioni ile. Ni mawe tu, yaliyofukuliwa 2011 wakati wa ukarabati wa bandari, ya gati iliyojengwa 1811. Wanakadiria Waafrika 900,000 walishukia pale. Sikukaa sana. Nilikuwa na santuri kwapani na nilijiona kama nimeiiba.

Juzi umeme uliporudi niliitoa kabatini. Kona moja ya jalada imeliwa na unyevu. Binti akautafuta wimbo kwenye simu, akasikiliza, akaurudisha, akasikiliza tena, akanyoosha kidole hewani lilipofika la saba.

"Baba, hao wa Kilwa wanaoimbwa hapo ni sisi, au ni wale tuliowauza?"

Shangazi bado yupo Kivinje, kavuka themanini, masikio mazito kidogo lakini akili timamu. Likizo ya Juni tutakwenda. Binti ameshaandika swali lake nyuma ya daftari la historia, maneno mawili tu: *Pembe tu?*